Moshi wa Peugeot ya marehemu baba haukutoka kwenye injini

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu akitaka magari yote ya zamani yanayofuka moshi yaondolewe barabarani. Akaongeza kwamba wenye magari hayo huyatia injini za kuokoteza na hawajali mapafu ya wenzao. Barua yake niliisoma mara mbili. Mimi ni mmoja wa hao aliowasema. Kwa miezi minne gari langu lilifuka moshi mweupe kutoka Kisauni hadi Mwembe Tayari hapa Mombasa, tena baada ya kubadilishwa injini, na kila nilipolitoa nilikuwa nikiona haya kumtazama aliye nyuma yangu. Lakini nilijali, na nilijali sana. Pesa nilizotoa kuutafutia dawa ule moshi ni nyingi, na karibu zote zilikwenda mahali pasipo na ugonjwa. Ndiyo sababu naomba nafasi.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya mwaka 1979, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Marehemu baba alipakia nalo abiria kati ya Mombasa na Malindi. Nimepanda safu ya nyuma kabisa, magoti kidevuni, tukisubiri kivuko cha Kilifi kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Wasomaji wa umri wangu wanajua 504 ilikuwa nini katika nchi hii: nyingi ziliunganishwa hapa hapa Miritini, na baba hakuchoka kusimulia jinsi Ove Andersson alivyoshinda Safari Rally nayo mwaka 1975. Alipofariki aliniachia ufunguo na daftari. Daftari hilo nitalirudia.

Injini yake ya asili, ya sentimita za ujazo 1796, ilikuwa imechoka kweli. Ilikuwa inakunywa lita mbili za oili kila kilomita elfu moja, na moshi wake ulikuwa wa buluu, hauna ubishi. Mpwa wangu akapata injini ya sentimita za ujazo 1971, ile waliyoiita XN1, kutoka kwa Peugeot 505 iliyogongwa kwa nyuma. Ni ndugu wa tumbo moja na ya kwanza, iliingia bila kukata chuma wala kuchomelea. Tuliisikiliza ikiwaka kabla haijatolewa kwenye ile 505, na haikutoa moshi hata chembe. Nambari yake mpya nikaipeleka ikaingizwa kwenye logbuku, maana sitaki kusimamishwa njiani na kuulizwa injini hii ni ya nani.

Fundi aliyeifunga alifanya kazi safi, na hilo nalisema wazi kwa sababu baadaye nitamlaumu. Alibadilisha mipira yote iliyokauka: ya redieta, ya petroli, na mmoja mnene uliotoka kwenye busta ya breki, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga, kwenda kwenye injini. Huo wa busta ulikuwa umepasuka miaka mingi, baba aliufunga kwa utepe mweusi, na utepe wenyewe ulishaachia. Siku ya kwanza nilipokanyaga breki nilishtuka. Zilikuwa laini kama za gari jipya. Miaka yote nilidhani 504 ndivyo ilivyo, kwamba lazima uinuke kwenye kiti ndipo isimame. Nilifurahi mno, nikampigia dada yangu simu kumwambia.

Siku ya tatu moshi ukaanza.

Ulikuwa mweupe, mzito, na una harufu kali inayokwaruza koo. Haukuwa ule mvuke wa asubuhi ambao kila gari hutoa. Petroli ikiungua hutoa maji, karibu lita moja kwa kila lita, na bomba likiwa baridi maji hayo huonekana kama moshi kwa dakika chache kisha hupotea. Wangu haukupotea. Ulikuwa mbaya zaidi kwenye foleni ya Buxton, pale unaposogea hatua moja na kukanyaga breki, unasogea na kukanyaga tena. Nikitoka nje ya mji kuelekea Mariakani, kwenye kile kipandio cha Mazeras ambapo injini inavuta kwa nguvu zake zote, nilikuwa nikitazama kioo na sioni kitu nyuma yangu ila barabara.

Hayo yote nilimweleza fundi. Alinisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye boneti, kisha akasema, "Hizo ni ringi, Mwalimu. Injini ya mtumba ndivyo ilivyo." Hakupima. Hakuuliza oili inapungua kiasi gani. Jumatatu hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa chini.

Ringi mpya za pistoni, sili za valvu (raba za kuzuia oili isivuje), gasketi ya hedi, oili na mkono wake: shilingi 46,000. Moshi ukarudi siku ile ile nilipolichukua gari. Akasema basi ni hedi, ina ufa usioonekana kwa macho, maji yanaingia kwenye silinda. Hedi ikashushwa mara ya pili, ikapelekwa kusagwa uso, gasketi nyingine ikanunuliwa. Shilingi 17,500. Moshi ukabaki pale pale. Mara ya tatu alinishauri nitoe injini ya Peugeot kabisa niweke ya Toyota, na hapo ndipo nilipolikokota gari nyumbani na kuliegesha chini ya mwembe.

Aliyelitibu ni mzee wa mtaani kwetu aliyefanya kazi ya ufundi tangu ujana wake na sasa amestaafu. Ana miaka sabini na minane na macho yake hayaoni vizuri. Alikuja jioni na kiti chake mwenyewe. Kabla hajataka boneti ifunguliwe aliniuliza, "Mwanangu, babako alikuwa na daftari. Liko wapi?"

Baba aliandika kila kitu: tarehe, kilomita, petroli, oili, maji, mafuta ya breki. Safu sita alizozipiga kwa rula. Mimi niliendelea nalo kwa mazoea tu, na mpwa wangu pia, kila anayetia kitu anaandika. Mzee akanitaka nimsomee kuanzia siku injini mpya ilipoingia. Oili: imetiwa lita nne, haikuongezwa. Maji ya redieta: hayakuongezwa. Nikaendelea kusoma safu ya mwisho, ambayo sikuwahi kuitilia maanani, kwa maandishi madogo ya mpwa wangu: robo, robo, robo, robo. Lita nzima ya mafuta ya breki katika wiki tano.

Mzee akanyamaza kidogo. Akauliza kama kuna gurudumu lililolowa kwa ndani, au tone lolote chini ya gari. Hakukuwa na kitu. Magurudumu makavu, sakafu kavu, zulia la chini ya kanyagio kavu. "Lita moja ya mafuta haiendi mbinguni," akasema. "Inakwenda ndani ya injini."

Naomba nieleze alivyonieleza, kwa sababu hapa ndipo penye faida kwa wasomaji. Busta ni lile kopo la duara, kubwa kama sufuria, linalokaa nyuma ya masta silinda, yaani pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na kanyagio. Ndani yake mna ngozi ya mpira, na injini huinyonya hewa yake kupitia ule mpira mnene, ndiyo maana mguu wako unapata msaada. Sasa masta silinda ina sili ya nyuma, inayotazamana na busta. Sili hiyo ikichoka, mafuta ya breki hayadondoki nje mahali utakapoyaona. Yanapenya kwa nyuma na kuingia ndani ya kopo. Yakijaa ya kutosha, injini inayanyonya pamoja na hewa na kuyachoma. Moshi wake ni mweupe na unakaba.

Na kwa nini haukuonekana zamani? Kwa sababu ule mpira wa utepe mweusi ulikuwa unavuta hewa ya nje. Injini ya zamani haikuwa ikinyonya chochote kutoka kwenye busta. Sili ilikuwa mbovu tangu enzi za baba, mafuta yakijikusanya humo taratibu. Tulipofunga mpira mpya, tukaipa injini mrija wa kunywea.

Foleni ya Buxton nayo ikaeleweka. Ukiachia kanyagio la mafuta, kilango cha hewa cha kabureta hujifunga, na pistoni zinaposhuka hunyonya kwa nguvu popote penye upenyo. Huo ndio wakati mvuto unakuwa mkubwa kuliko wote. Ukiwa unapanda Mazeras, kilango kiko wazi, hewa ni tele, na mvuto kwenye ule mpira unakuwa mdogo mno. Ndiyo maana kilimani hapakuwa na moshi. Kama zingekuwa ringi, kilimani ndipo ungenitia aibu. Kama zingekuwa sili za valvu, ungeona moshi wa buluu unapowasha asubuhi, au unapoteremka mteremko mrefu bila kukanyaga mafuta kisha ukayakanyaga. Kama yangekuwa maji, redieta ingepungua na harufu ingekuwa ya utamu utamu. Na moshi mweusi ni petroli inayozidi, tazama choki na kichujio cha hewa kabla ya kitu kingine. Haya si elimu ya siri. Fundi wangu anayajua, nina hakika. Hakujipa muda wa kuyauliza.

Mzee hakuishia kwenye maneno. Alimwambia mpwa wangu achomoe mpira wa busta upande wa injini na azibe tundu kwa kizibo cha mpira kilichobanwa kwa klipu. Gari likawashwa likiwa limesimama. Kwa dakika kama kumi hivi liliendelea kufuka, likimaliza yaliyokuwa yamebaki njiani, kisha moshi ukakonda, ukawa uzi, ukakatika. Nilisimama nyuma ya bomba na sikuamini. Alimkataza mpwa wangu kulitoa nje ya geti hata hatua moja katika hali ile, kwa kuwa bila busta breki zinakuwa ngumu na sili iliyokufa inaweza kukuachia kanyagio likaenda mpaka sakafuni.

Kisha akaingiza kidole kwenye mpira. Kilitoka kimelowa, kinateleza, lakini si weusi wa oili. Akakipangusa kwenye mlango wa zamani wa 504 ambao baba aliuweka ukutani kwa ajili ya spea, bado una rangi yake nyeupe. Tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, pale alipopangusa rangi ilikuwa imefura na kujikunja kama ngozi juu ya maziwa yaliyochemshwa. Akaikwangua kwa ukucha ikatoka yote hadi kwenye chuma. "Oili haifanyi hivi. Maji hayafanyi hivi," akasema. Mafuta ya breki hula rangi.

Kesho yake masta silinda ilifunguliwa. Busta ilipoinamishwa juu ya beseni yalitoka mafuta ya kujaza kikombe cha chai na zaidi, yamekuwa ya rangi ya kahawa. Ngozi ya ndani ilikuwa bado nzima, kwa bahati. Seti ya raba za masta silinda niliipata kwa shilingi 2,600. Mzee hakutaka malipo, nikampelekea samaki.

Moshi uliisha siku hiyo na haujarudi.

Kwa hiyo kwa yule msomaji nasema hivi. Moshi ni kero na ni madhara, sitetei hilo. Nimefundisha darasa la watoto arobaini na wengine wanatembea na vipulizi vya pumu mfukoni. Lakini gari langu lingeondolewa barabarani kwa amri yako, lingeuzwa kwa mtu mwingine likiwa na breki zinazokaribia kufa, na huyo asiye na habari angelipakia watoto wake. Hatari iliyokuwapo haikuwa moshi. Moshi ulikuwa ndio mlio wa kutuamsha, na sisi tukashughulika kuunyamazisha.

Kwa mafundi, na wengi wao ni vijana niliowafundisha kusoma, ombi langu ni moja: pimeni kabla hamjafungua. Kipimo cha komprasheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, hakizidi bei ya gasketi moja ya hedi. Toa plagi zote, piga stata, andika namba ya kila silinda. Injini yangu ilipopimwa na mzee, baada ya gharama zote zile, ilisoma kati ya paundi 150 na 160 kwa inchi ya mraba kwenye silinda zote nne, na kabla ya ringi mpya ingesoma karibu hivyo hivyo, maana ringi za zamani mpwa wangu alizihifadhi, mzee akaziingiza kwenye layina ya akiba, lile pipa la chuma la silinda, na kupima mwanya wake, akasema zilikuwa na miaka mingi mbele. Namba ikiwa ndogo, tia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Mwenye gari naye asione uchungu kulipia nusu saa hiyo. Wengi wetu tunakubali kulipa elfu arobaini ya spea lakini tunanuna tukiambiwa tulipe elfu moja na mia tano ya kupima tu, kwa sababu hakuna kitu kipya cha kushika mkononi. Hapo na sisi tuna makosa.

Nami nilikosa kwa jingine. Daftari lilikuwa kwenye dashibodi siku zote. Fundi hakuliuliza, lakini mimi sikulifungua mbele yake. Nilimweleza moshi unavyonuka na mahali unapotokea, nikaacha kumwambia ni kitu gani kinachopungua.

Sasa kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo linaloniuma. Injini hizi za Peugeot hazina silinda zilizochongwa moja kwa moja kwenye bloku. Zina layina, yaani mapipa ya chuma yanayochopekwa, yanayozungukwa na maji ya redieta, na chini kila moja imekalia gasketi nyembamba. Kinachozishikilia zisitikisike ni mkazo wa hedi iliyofungwa juu yake. Ukishaondoa hedi, ni lazima uzibane kwa vishikio kabla ya kuzungusha injini, la sivyo pistoni zikipanda zinainyanyua layina kidogo tu, kiasi cha unywele, na gasketi ya chini haikai tena kama ilivyokuwa. Fundi wangu aliishusha hedi mara mbili na kuizungusha injini bila vishikio. Niliona kwa macho yangu, nikiwa nimekaa kwenye kigoda nikisahihisha madaftari, na sikujua ninachokiona.

Mwezi uliopita nilichomoa kijiti cha oili asubuhi, nikakuta rangi ya chai ya maziwa. Maji yanaingia kwenye oili kutokea chini ya layina. Injini iliyoingia kwetu ikiwa nzima, isiyokuwa na kosa lolote, imeharibiwa na matibabu ya ugonjwa uliokuwa kwenye breki. Gari limerudi chini ya mwembe. Mzee amesema yuko tayari kuifunga upya, akiniongoza mimi na mpwa wangu kwa mdomo maana mikono yake inatetemeka, na ameshatuchongesha vishikio vinne vya layina kwa bapa la chuma.

Kilichobaki ni gasketi zenyewe. Nimezunguka maduka ya spea Mombasa nzima na kuagiza Nairobi mara mbili. Mara zote mbili zimeletwa za layina za milimita 84, ambazo ni za injini ndogo. Ninazozitaka ni za XN1, layina ya milimita 88, gasketi nne za chini pamoja na ya hedi. Kama kuna msomaji aliye na seti, hata ikiwa ya zamani mradi haijafunguliwa kwenye karatasi yake, naomba awasiliane nami kupitia kwako, Mhariri. Nitalipa bei yake na nauli ya basi.

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa